Bi Chiku na Mwezi Uliopatwa Mchana

Wanawake wa kikundi cha kulima mwani katika kijiji cha Kibuyuni hawakuwa na kalenda ukutani. Walikuwa na Bi Chiku. Ukitaka kujua ni lini maji yatatoka kiasi cha kufika kwenye kamba zako za mwani bila kulowa kiuno, unapita kwake asubuhi, unamkuta kibarazani anakuna nazi, unamuuliza. Hakuwa akijibu papo hapo. Alisita kukuna, akapitisha kidole gumba juu ya vifundo vya vidole vingine, midomo ikimchezacheza, kisha akasema, "Jumanne mpaka Jumapili. Jumatatu usijisumbue." Ikawa hivyo. Miaka ishirini na ushei ilikuwa hivyo.

Jambo lenyewe si uchawi, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema si uchawi, ingawa aliyasema kwa sauti ya mtu asiyechukia ukiendelea kudhani. Mwezi ukiwa mchanga kabisa, na tena ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kutoka sana. Hilo ndilo bamvua, na mwani hushughulikiwa kwenye bamvua. Katikati yake maji huwa mafu, hayaendi mbali, na mkulima hukaa nchi kavu akisubiri. Aliyeushika mwezi ameishika bahari, na Bi Chiku, aliyeacha shule darasa la tatu, alikuwa ameushika barabara.

Mtu mmoja tu alimpinga, naye alimpinga kwa adabu. Huyo ni Kavenya, katibu wa kikundi, mama wa miaka thelathini na mitano. Wazazi wake ni Wakamba waliokuja kulima kwenye skimu ya mashamba, lakini yeye amezaliwa huku huku pwani na huogelea kuliko nusu ya wanakikundi. Hilo halikumzuia Bi Chiku kumwita "wa bara" kila alipotaka kumchokoza. Kavenya alikuwa na simu inayoonyesha saa za maji kupwa na kujaa, mwezi mzima, kwa rangi.

"Mama, simu haisahau," Kavenya alizoea kusema.

"Na mimi nimesahau lini?"

Hapo Kavenya alirudisha simu mkobani, kwa sababu kweli hapakuwa na siku ya kutaja.

Sasa, sifa ni kitu kitamu, na Bi Chiku alikuwa mpenda vitamu. Mwaka wa 2025, siku chache kabla ya tarehe saba Septemba, alikuwa jikoni anachambua mchicha aliposikia redioni kwamba Jumapili ile mwezi utapatwa wote, na nchi yetu itauona tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza saa zote zilizotajwa, akazihifadhi. Kesho yake akawaambia wenzake kwenye kichanja cha kukaushia mwani, "Jumapili mwezi unapatwa. Utaanza kuliwa saa moja u nusu usiku. Kufikia saa mbili u nusu utakuwa mwekundu mzima."

"Umejuaje, Bi Chiku?" wakamuuliza.

Hapa ndipo alipopaswa kutaja redio. Hakuitaja. "Mimi na mwezi tumejuana zamani," akasema, akageuza mwani wake.

Jumapili ikafika, mbingu safi, na saa moja u nusu ubavu wa mwezi ukaanza kuingia weusi. Kijiji kizima kilikuwa nje. Saa mbili u nusu ulikuwa mwekundu wote, rangi ya chungu kipya, na nyota ambazo mbalamwezi ilikuwa imezifunika zikajitokeza. Bibi wawili watatu walitoa vinu vitupu wakatwanga, kama walivyofundishwa na bibi zao, ili mwezi uachiliwe. Maalim Nzai, mwalimu wa madrasa, aliwaita watu msikitini wakaswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Wekundu ulikaa saa moja na dakika ishirini hivi. Ilipokaribia saa tano mwezi ulikuwa umetoka mzima, mweupe pe, na watu wakaenda kulala wakilitaja jina la Bi Chiku.

Tangu siku ile jina lake likavuka mipaka ya kijiji. Watu walikuja kutoka Majoreni kumuuliza siku nzuri ya kufunga harusi nje bila taa za kukodi. Mzee mmoja wa Shimoni alimpa shikamoo kwanza, ilhali alimzidi umri, na Bi Chiku akaitikia marahaba kabla hajafikiri. Alikuwa akitembea njiani na leso yake ya kisutu, shingo imenyooka, anafurahi, na mimi simlaumu. Mwanamke amelima majini maisha yake yote, mgongo unamuuma kila jioni, leo watu wanamsalimu kwa kicho. Nani asingefurahi?

Ubaya ni kwamba mtu akisifiwa kwa kitu cha kuazima, hukitafuta tena.

Februari ya mwaka uliofuata, bintiye Ummi, anayefanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, alimtumia picha kwenye simu. Ilikuwa na mwezi mwekundu na maneno ya Kiingereza. Ummi aliipata kwa mgeni, akaisambaza bila kuisoma sana, akatia na sauti yake: "Shikamoo mama. Ona, mwezi unapatwa tena, tena wote. Tarehe tatu mwezi wa tatu."

Bi Chiku akavaa miwani. Tarehe tatu Machi aliiona. Chini yake palikuwa na saa, 11:33, na herufi tatu asizozijua, akaziacha. Akafikiri: mwezi ni kitu cha usiku, kwa hiyo hiyo ni saa tano na dakika thelathini na tatu za usiku. Ramadhani itakuwa imefika katikati, watu watakuwa wametoka tarawehe, daku bado. Ilikuwa saa nzuri kupita zote.

Swali la iwapo Kibuyuni itauona halikumpitia kichwani hata kidogo. Mjue kwamba pwani yetu kila mwaka, Shaabani ikielekea ukingoni na Ramadhani ikingojewa, watu hujadiliana kuhusu mwezi: wapo wanaosema ukionekana nchi yoyote umeonekana kwa wote, na wapo wanaosema kila watu na mwezi wao. Bi Chiku alikuwa wa kundi la kwanza, tena wa mstari wa mbele. "Mwezi ni mmoja" ndilo neno lake. Kama ni mmoja, basi ukipatwa kwa mtu mmoja umepatwa kwa kila mtu. Aliona jambo hilo halina mjadala.

Kwenye mkutano wa kikundi akasimama akatangaza. Safari hii Kavenya naye akasimama.

"Mama, kwa heshima zote, redioni sijasikia kitu."

"Redio inajua nini?" akasema Bi Chiku, na moyoni kidogo akaona haya.

"Basi tuwekeane ahadi hapa mbele ya wenzetu. Mwezi ukipatwa siku hiyo, mimi habari ya simu sitaileta tena mkutanoni mpaka nizeeke. Usipopatwa, siku za kuingia majini tutazipanga kwa simu. Wewe utapumzika."

Lile neno "utapumzika" lilimchoma Bi Chiku kuliko yote. Wanawake wakacheka, wakapiga makofi, wakakubali. Mipango ikaanza hapo hapo: jamvi la msikitini, Maalim Nzai aswalishe ufukweni, daku iliwe pamoja, jamaa wa Majoreni na Shimoni waalikwe. Chome mwenye bodaboda akapewa kazi ya kupeleka habari mpaka Lunga Lunga, naye ni mtu ambaye habari ikiingia kwake haihitaji kusukumwa.

Siku nne kabla, Bi Chiku alikwenda kwa Mwalimu Kalekye kumwalika. Kalekye hufundisha sayansi katika shule ya msingi na amepanga nyumba ya vyumba viwili karibu na barabara. Alimkaribisha, akamwangalia usoni, akaiangalia ile picha kwenye simu, kisha akavuta kiti karibu.

"Bi Chiku, hii saa umeisoma vipi?"

"Saa tano u nusu usiku."

"Hizi herufi tatu maana yake ni saa inayotumiwa kupimia dunia nzima, na kwa wakati huu wa mwaka ndiyo saa ya Uingereza. Sisi tuko mbele yao kwa saa tatu. Na hiyo 11:33 si ya usiku, ni ya mchana. Ongeza saa tatu."

Bi Chiku akaongeza. "Saa nane u nusu. Mchana."

"Mchana."

Kalekye, ambaye ana huruma lakini hawezi kumwona mtu hajaelewa akamwacha, akainuka akafunga pazia. Aliwasha kurunzi ya simu akaiegemeza kwenye rafu. Akachukua nazi iliyofuliwa, akatia alama kwa kipande cha makaa. Akachoma ndimu kwenye kijiti.

"Kurunzi ndiyo jua. Nazi ndiyo dunia, na hii alama ni Kibuyuni. Ndimu ndiyo mwezi. Mwezi hauna taa yake, unaangaziwa na jua tu. Sasa tazama." Akaipeleka ndimu nyuma ya nazi, mkabala na kurunzi. "Jua upande huu, mwezi upande ule, sisi katikati. Hapa mwezi ni mpevu. Ukipita sawasawa nyuma yetu, unaingia kwenye kivuli chetu. Hakuna kinachoumeza. Ni kivuli cha dunia hii hii tunayolima."

"Mbona basi haupatwi kila ukiwa mpevu?"

Kalekye akatabasamu, kwa sababu darasani swali hilo humchukua wiki kulipata. "Njia ya mwezi imeinama kidogo. Mara nyingi hupita juu ya kivuli au chini yake." Akaipandisha ndimu, ikang'aa. Akaishusha, ikang'aa. Akaileta katikati, ikaingia giza. "Mpaka zifike zote tatu kwenye mstari mmoja."

"Na ule wekundu?"

"Dunia imezungukwa na hewa. Mwanga wa jua ukipita pembeni mwa dunia, hewa inaupinda, inaupeleka kivulini, na unaobaki ni ule mwekundu. Ni kama rangi ya machweo. Machweo na mapambazuko yote ya dunia, wakati huo, ndiyo yanayouangazia mwezi."

Bi Chiku alisahau kidogo shida yake. Aliichukua nazi mikononi mwake mwenyewe, akaizungusha polepole. Na hapa lazima nimpe haki yake, kwa sababu kilichofuata hakuambiwa na mwalimu. Alikiona mwenyewe, mtu aliyeutazama mwezi tangu utotoni.

"Mwezi mpevu hutoka jua likizama," akasema taratibu. "Siku zote. Kama saa nane mchana jua liko kwetu huku..." akaielekeza alama ya makaa kwenye kurunzi, "basi mwezi uko huku." Akagusa ndimu, nyuma kabisa, upande alama isikoweza kuuona. "Uko chini yetu. Umezibwa na dunia yenyewe."

"Ndiyo hivyo. Nusu ya dunia iliyo usiku huona yote. Nusu nyingine haioni kitu. Septemba tulikuwa upande wa usiku. Safari hii wataona watu wa Japani, Australia, visiwa vya Pasifiki, na Amerika ya magharibi. Kwetu utachomoza jioni umeshapona."

"Na sisi ni lini tena?"

"Wa kupatwa wote? Tarehe thelathini na moja Disemba, mwaka wa 2028. Jioni mapema tu, saa mbili kasorobo hivi utakuwa mwekundu."

Bi Chiku alirudi nyumbani amebeba ile nazi, kwani Kalekye alimwambia aichukue. Njiani shetani alimtembelea, tena zaidi ya mara moja. Kwanza alimwambia asingizie homa. Kisha akamwambia anyamaze tu, huenda siku hiyo pakawa na mawingu, na mwenye mawingu hadaiwi mwezi. Ushauri huu wa pili ulikuwa mzuri na ulimfuata mpaka mlangoni. Lakini aliwafikiria watu wa Majoreni wakitembea usiku na watoto mgongoni, na wale wazee wa Shimoni. Wote hao wangeangalia juu, kisha wangemwangalia yeye. Tena alikumbuka redio na mchicha. Alijiona mdogo, na haya zikamshika akiwa peke yake chumbani, ambako ndiko haya huuma zaidi.

Asubuhi aliwakuta wenzake wote kwenye kichanja. Hakukaa.

"Nina maneno," akasema. "Tarehe tatu usiku msije. Mwezi utapatwa kweli, lakini utapatwa mchana na hatutauona. Nimekosea. Na la Septemba nalo, sikulijua mwenyewe. Nililisikia redioni nikichambua mchicha. Niliwaficha kwa sababu nilipenda mnavyonitazama. Niwieni radhi."

Bi Tsofa, mzee kuliko wote, akasema, "Kumbe kinu changu nimekipasua kwa ajili ya redio," na kicheko kikalipuka, kile kicheko cha wanawake kinachoanza kwa mmoja na kumalizika kwa wote kujifuta macho. Bi Chiku naye akacheka. Kavenya peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama.

Bi Chiku akaitoa nazi. Akawaonyesha yote, jua likiwa ni jua lenyewe na kivuli cha nazi kikianguka kwenye mchanga. Walibanana kumzunguka. Kila mmoja alitaka kuishika ndimu.

"Kwa hivyo mwezi si mmoja?" akauliza mmoja, kwa uchokozi, akijua anapogusa.

"Mwezi ni mmoja," akajibu Bi Chiku. "Ila dunia si sinia."

Chome alitumwa tena kila alikotumwa mwanzo, safari hii kufuta habari, na inasemekana aliifuta kwa chumvi zaidi kuliko alivyoitangaza. Maalim Nzai alisema kwamba swala yake ni kwa anayeuona mwezi ukipatwa, na kwa kuwa hauonekani kwetu, jamvi libaki msikitini.

Tarehe tatu ikafika, Jumanne, siku ya jua kali la kaskazi. Maji yalitoka mbali asubuhi, kama yafanyavyo mwezi ukiwa mpevu, na wanawake wakaingia na saumu zao, wakafungua kamba, wakakata mwani, wakatoka maji yalipoanza kurudi. Kufikia saa nane walikuwa wakitandaza. Ahadi waliyowekeana haikuwa imetajwa na mtu, lakini kila mmoja aliikumbuka. Mwezi ungekuwa mbinguni usiku ule, mweupe, bila doa, na Kavenya angekuwa ameshinda.

Saa nane u nusu Bi Chiku aliacha kutandaza. Alisogea pembeni kidogo, akainamisha kichwa, akatazama mchanga kati ya nyayo zake.

"Umeangusha nini?" akauliza Bi Tsofa.

"Nautazama mwezi. Uko hapa chini, sawasawa. Hivi sasa ni mwekundu."

Bi Tsofa akaja, akatazama chini naye. Akaja mwingine. Mwisho walikuwa wanawake thelathini na kitu, wamefunga leso viunoni, wanautazama mchanga kwa makini katika jua la mchana, na mzungu mmoja aliyekuwa akipita ufukweni alisimama naye akatazama chini, asiulize. Hakuna aliyecheka. Kavenya alikuwa na simu mkononi akihesabu dakika.

"Thelathini na tatu," akasema. "Sasa ndiyo katikati yake."

"Mtu wa huko naye," akasema Bi Chiku, "anautazama juu, hajui kama nasi tuko chini ya nyayo zake."

Walirudi kazini. Bi Chiku alichukua fungu lake la mwani akaanza kulitandaza tena, polepole, akingojea kuambiwa apumzike. Kavenya akaja akasimama upande wa pili wa kichanja, na daftari la kikundi chini ya kwapa.

"Mama. Bamvua lijalo tuingie lini?"

"Iulize simu. Ndivyo tulivyoahidiana."

"Nimeiuliza tangu asubuhi. Imesema tarehe kumi na nane mpaka ishirini na mbili. Sasa nakuuliza wewe."

Bi Chiku alifuta mikono kwenye leso. Kidole gumba kikapita juu ya vifundo, kimoja kimoja, midomo ikimcheza, na safari hii ilimchukua muda, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Ishirini au ishirini na moja ni Idi," akasema. "Hakuna mwanamke atakayekanyaga maji siku hiyo, wala kesho yake, ana wageni. Tuingie kumi na saba, maji yatakuwa hayajatoka sana lakini yanatosha. Tukate mpaka kumi na tisa, tuwahi kukausha."

Kavenya akafungua daftari, akaandika kumi na saba.